Mtoto Asiyeona Jioni: Ushauri kwa Familia Zenye Ugonjwa wa Retina wa Kurithi

Gitega na Muyinga, nchini Burundi, jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Nyumba nyingi za vilimani hazina umeme. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya ugonjwa ninaouzungumzia hapa huonekana njiani, saa ambayo watoto wanarudi na madumu ya maji au wanafungia mbuzi. Wenzake wanakimbia, yeye anapunguza mwendo, anashika nguo ya dada yake, anatumbukia mtaroni, anajigonga mlangoni. Kesho yake asubuhi anasoma ubaoni bila shida. Basi huitwa mzembe au mwoga, na wapo watakaosema amelogwa.

Nawaandikia wazazi wa mtoto huyo, na pia mtu mzima anayejijua kuwa jioni zimeanza kumtisha. Ugonjwa ninaousema ni kundi la magonjwa ya retina yanayorithiwa. Unaojulikana zaidi kati yake huitwa retinitisi pigmentosa, na duniani unakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 4,000. Kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 12 kama Burundi, makadirio hayo yanatoa watu wapatao 3,000. Hauambukizi. Kwa sehemu kubwa bado hauna tiba. Lakini unakwenda polepole, kwa miaka na miaka, na hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka familia zilishike: mna muda. Ukitumiwa vizuri, mtoto huyu atasoma, atafanya kazi na atajitegemea. Ukipotelea kwa waganga, kwenye matone ya dukani na katika kuficha, macho yatapungua vilevile na mtoto atakuwa hajaandaliwa.

Kinachotokea ndani ya jicho

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Ina seli za aina mbili. Za kwanza ni zile za mwanga hafifu, na katika kila jicho hukadiriwa kufika milioni 120. Hizi ndizo zinazotuwezesha kutembea usiku na kuona vitu vya pembeni. Za pili ni kama milioni 6 tu, nazo zimejaa zaidi katikati. Kwa hizo tunasoma, tunatambua nyuso na rangi, tunatia uzi kwenye sindano.

Katika retinitisi pigmentosa, jeni moja yenye hitilafu huzifanya seli za mwanga hafifu zife kidogo kidogo. Ndiyo sababu usiku hutangulia kupotea. Baadaye uwanja wa kuona hupungua kutoka pembeni, na mgonjwa hubaki akiona kama anayechungulia kupitia mwanzi. Seli za katikati hufuata mwishoni, kwa sababu haziwezi kuishi vizuri majirani zake wakishakufa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Mgonjwa anaweza kuiona sindano iliyoanguka karibu na mguu wake, kisha akamgonga ng'ombe aliyesimama ubavuni. Atasoma ujumbe kwenye simu, halafu asiuone mkono ulionyoshwa kumsalimia. Jirani humwona anajifanya au ana kiburi. Huyo hajifanyi. Katikati ya jicho lake ni pazima, pembeni pamekwisha. Hata ubao wa herufi wa hospitalini unaweza kumpa alama kamili, kwa kuwa ubao huo hupima katikati peke yake. Kanuni za Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa kipofu iwapo uwanja wa jicho lake lililo bora hauzidi digrii 10 kuzunguka pale anapotazama, hata kama bado anasoma herufi ndogo kabisa.

Miaka inavyokwenda

Kila mgonjwa ana mwendo wake, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Hata hivyo njia ya jumla inajulikana. Wengi huanza kutoona vizuri gizani utotoni au wakiwa vijana. Kisha macho huchukua muda mrefu kuzoea mtu anapotoka juani na kuingia nyumbani. Mwanga mkali nao huanza kuumiza. Katika ujana na utu uzima wa mwanzo, pembeni hupungua: anajigonga kwenye ngazi, viti, watoto wadogo na baiskeli zinazotokea ubavuni. Katikati mara nyingi huhifadhika hadi umri wa makamo au zaidi.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1985 huko Boston, Marekani, uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mitatu na kukuta kwamba kwa wastani walipoteza kila mwaka asilimia 4.6 ya uwanja wa kuona uliokuwa umebaki. Tukipiga hesabu kwa kasi hiyo, mtu atabaki na takriban asilimia 79 ya uwanja wake wa leo baada ya miaka 5, asilimia 62 baada ya miaka 10, na karibu nusu baada ya miaka 15. Huo ni wastani, haumtabirii mtu mmoja mmoja. Lakini unatuonyesha kwamba mtoto wa miaka 10 anayegunduliwa leo ana muda wa kumaliza shule ya msingi na ya sekondari na kujifunza kazi akiwa bado anaona.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1999, uliwapima wagonjwa wapatao 1,000 wenye umri wa miaka 45 na zaidi. Zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa bado na jicho moja angalau lenye uwezo mzuri wa kusoma. Robo walikuwa wamepungukiwa sana katika macho yote mawili. Wasioona hata mwanga hawakufika mtu mmoja katika kila mia. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa kijana kwamba "utakuwa kipofu kabisa karibuni" anamtia hofu isiyo na msingi.

Si kila ugonjwa wa retina wa kurithi unaanzia pembeni. Ule uitwao Stargardt huanzia katikati: mtoto anashindwa kusoma na kutambua nyuso, ila anatembea vizuri. Upo pia uitwao Leber, ambao humpata mtoto tangu miezi ya kwanza. Anatazama ovyo, macho yanachezacheza, naye hujibonyeza macho kwa vidole. Mtoto wa namna hiyo asisubiri kufikia umri wa shule ndipo apelekwe hospitali.

Kwanza tafuteni kinachotibika

Kutoona jioni si lazima kuwe ugonjwa wa kurithi. Kwa watoto wetu sababu ya kufikiriwa mapema ni upungufu wa vitamini A, na huo hutibika haraka. Mtoto mwenye utapiamlo, aliyetoka kuugua surua au anayehara mara kwa mara, ambaye ghafla ameshindwa kuona jioni, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Vidonge vya vitamini A hugawiwa watoto wadogo katika kampeni za Wiki ya Afya ya Mama na Mtoto, msiziache zipite. Nyumbani wapeni lengalenga na mboga nyingine za kijani, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mapapai, maembe, mawese na mayai.

Sababu nyingine ni kuhitaji miwani, mtoto wa jicho, na presha ya macho, ambayo nayo hula pembeni kimyakimya kwa watu wazima. Zipo pia dawa. Klorokwini iliyotumiwa kwa muda mrefu, na kwinini iliyozidi kipimo, zinaweza kuharibu retina. Mwambieni daktari kila dawa iliyotumika, pamoja na za kienyeji.

Alama za kuwaelekeza kwenye urithi ni hizi: shida ilianza taratibu na imeendelea kwa miaka, imeshika macho yote mawili, vitamini A haikuleta nafuu, na kuna ndugu, mjomba au bibi aliyekuwa na hali kama hiyo.

Kipimo cha kuanzia nyumbani

Kaeni mkitazamana, umbali wa mkono mmoja, mahali penye mwanga. Mtoto afumbe jicho la kulia, wewe ufumbe la kushoto, kila mmoja amtazame mwenzake jichoni bila kuhamisha macho. Leta kidole chako kutoka mbali ubavuni, katikati yenu, ukikichezesha. Aseme pale anapokiona. Rudia juu, chini na upande wa pili, kisha badilisheni jicho. Ukikiona wewe mapema na yeye akachelewa sana pande zote, hiyo ni sababu ya kutosha kwenda hospitali. Kipimo hiki hakitoi jina la ugonjwa wala hakichukui nafasi ya daktari.

Mahali pa kwenda na maswali ya kuuliza

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu mpate barua ya rufaa. Tangu Mei 2006 serikali ya Burundi hugharamia matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5, hivyo mtoto mdogo awahishwe. Kwa wakubwa, ulizeni kabla ya safari kadi yenu ya bima ya afya, CAM au mutuelle, inalipia vipimo gani. Kutoka hapo mtaelekezwa hospitali ya Muyinga au ya Gitega, na ikihitajika Bujumbura, kwa kuwa madaktari bingwa wa macho wengi wako huko. Familia za Muyinga zilizo karibu na mpaka wa Kobero wakati mwingine huona Mwanza nchini Tanzania, penye hospitali ya rufaa ya Bugando, hapako mbali zaidi ya uwezo wao. Wapige simu kwanza, wasiende kwa kubahatisha.

Mkifika, mwombeni daktari apanue mboni kwa matone na kuitazama retina. Katika retinitisi pigmentosa iliyokomaa ataona madoa meusi yaliyotawanyika, mishipa ya damu iliyosinyaa na kichwa cha neva kilichopauka. Madoa hayo yanaweza kukosekana mwanzoni, kwa hiyo jibu la "sioni kitu" kwa mtoto asiyeona jioni lisimalize safari. Ulizeni ni wapi panapimwa uwanja wa kuona na wapi panapigwa picha ya tabaka za retina.

Baada ya jina la ugonjwa kupatikana, macho yaangaliwe kila mwaka, kwa sababu kuna vitu viwili vinavyotibika vinavyopenda kuambatana nao. Kimoja ni mtoto wa jicho, ambaye huweza kutolewa kwa upasuaji. Kingine ni maji kukusanyika katikati ya retina, hali yenye dawa. Macho yakififia ghafla katika wiki chache, huo si mwendo wa kawaida wa ugonjwa huu. Rudini hospitali. Na wekeni daftari moja: tarehe, vipimo, majina ya dawa. Daktari wa pili atashukuru.

Urithi hauna mwenye kulaumiwa

Katika familia nyingi mama ndiye hutupiwa lawama, au hutafutwa jirani wa kushutumiwa kwa uchawi. Ukweli ni kwamba jeni tunazibeba bila kujua. Njia moja ya urithi inahitaji baba na mama wote wawili wabebe nakala yenye hitilafu huku wao wenyewe wanaona vizuri. Kila mimba yao basi ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Kwa njia ya pili, mzazi mmoja aliye mgonjwa humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50. Njia ya tatu hupitia kwa mama mbebaji: kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuugua, na mabinti huweza kuwa wabebaji. Katika njia hiyo baba mgonjwa hawezi kumpa mwanawe wa kiume ugonjwa huo, lakini mabinti zake wote watakuwa wabebaji.

Chukueni karatasi mchore ukoo wenu vizazi vitatu: nani hakuona usiku, nani alipofuka mapema, nani ni kiziwi, akina nani walioana wakiwa ndugu. Karatasi hiyo itamsaidia daktari sana. Ndoa za mabinamu hazileti ugonjwa zenyewe, ila palipo na jeni hii katika ukoo, huongeza uwezekano wa wote wawili kuibeba. Wazee, masheikh, mapadri na wachungaji wanaoshauri wachumba wanaweza kulisema hili kwa upole kabla ya posa. Na ndugu wote wa mgonjwa wapimwe, hata wasiolalamika.

Watoto viziwi wapimwe macho

Muyinga kuna maktaba inayojulikana mbali, iliyomalizika mwaka 2012, imejengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa na mbao za mikaratusi. Ilibuniwa kama sehemu ya mpango wa shule ya bweni ya watoto viziwi. Naitaja kwa sababu watoto viziwi ndio wanaonitia wasiwasi kuliko wote katika jambo hili. Mwaka 1861 daktari Richard Liebreich aliwachunguza viziwi wa Berlin akakuta baadhi yao wana madoa ya retinitisi pigmentosa. Mwaka 1914 daktari Mskoti Charles Usher alieleza kwamba hali hizo mbili hurithiwa pamoja, na leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Duniani ndio sababu kubwa ya kurithi inayowafanya watu kuwa viziwi na wasioona kwa pamoja.

Mtoto mwenye aina ya kwanza ya ugonjwa wa Usher huzaliwa kiziwi kabisa, huchelewa kutembea hadi baada ya mwaka mmoja na nusu kwa sababu mizani ya mwili ina hitilafu, na huanza kushindwa gizani kabla ya miaka 10. Mtoto huyu huzungumza kwa ishara, na ishara zinahitaji macho na mwanga. Jioni anakuwa peke yake. Mwalimu wa viziwi anayemwona mwanafunzi hajibu ishara zinazotolewa pembeni, au anakataa kutoka usiku, asimchukulie kuwa mkaidi. Aandikiwe rufaa, na mapema afundishwe lugha ya ishara ya kugusa mkono kwa mkono.

Shuleni, kazini na nyumbani

Darasani mtoto akae mbele katikati, mbali na dirisha linalommulika. Mwalimu aandike kwa chaki nyeupe kwenye ubao mweusi safi, asome kwa sauti anachoandika, na ampe muda wa kuzoea mwanga anapotoka nje. Nuktanundu ianze kufundishwa vidole vikiwa vyepesi, wakati macho bado yanasoma. Simu za kawaida za Android zina programu ya bure iitwayo TalkBack inayosoma maandishi ya kwenye kioo kwa sauti, Kiswahili kikiwamo.

Matembezi yafundishwe mchana, kwa fimbo nyeupe, kabla hayajawa ya lazima. Kijana mwenye uwanja mwembamba asiendeshe baiskeli ya abiria wala pikipiki. Atamgonga mtu asiyemwona. Kazi achague kwa kuangalia miaka 20 ijayo: kufundisha, redio, muziki, kufuga kuku na sungura, biashara ya duka, ukalimani, kushona na kusuka. Wengi wanaweza kuendelea na kilimo katika shamba wanalolijua kwa miguu.

Nyumbani kila kitu kiwe na mahali pake. Mlango uwe wazi kabisa au umefungwa kabisa. Shimo la choo na la taka yafunikwe, na kisima kizungushiwe ua. Kingo za ngazi zipakwe chokaa. Tochi ya kichwani inasaidia sana kuliko kibatari. Mchana kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua hupunguza mng'aro. Na mkimsalimia, semeni jina lenu, maana huenda hajauona mkono wenu.

Habari za tiba

Ipo tiba ya jeni iitwayo Luxturna, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017. Inafaa kwa wenye hitilafu katika jeni moja tu, RPE65, kati ya jeni nyingi zinazosababisha magonjwa haya, nayo ilitangazwa kwa bei ya dola 850,000 kwa macho mawili. Utafiti wa tiba nyingine unaendelea. Majaribio halali ya kitabibu hayamwuzii mgonjwa nafasi. Yeyote anayewadai fedha kwa sindano ya "seli", kwa matone ya mitishamba au kwa maombi yenye malipo anawaibia. Mkimuuza ng'ombe, auzwe kwa ajili ya ada ya shule. Vidonge vya vitamini A vya nguvu nyingi msinunue kwa kujiamulia: kwa mjamzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na kwa mwenye Stargardt vinaweza kuongeza madhara.

Neno kwa familia na viongozi

Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Burundi kuwa imetokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Ushindi huo ulipatikana kwa dawa, maji, usafi, na watu waliopita kilima kwa kilima kutafuta wagonjwa. Magonjwa ya kurithi hayatatoweka kwa njia hiyo, lakini wagonjwa wake wanaweza kutafutwa vilevile. Abaremeshakiyago, wahudumu wa afya wa jamii, wakiongeza swali moja tu kila wanapotembelea nyumba, "Je, kuna mtu hapa ambaye haoni jioni?", tutawapata watoto miaka mingi mapema.

Sheria ya Januari 2018 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ipo, na mzazi anayo haki ya kuitaja mbele ya shule inayomkataa mwanawe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ikiwa una mtoto anayejikwaa jioni, usimchape na usimfiche. Wiki hii mpeleke kituo cha afya, uombe barua ya rufaa kwa daktari wa macho, na uwapeleke ndugu zake pamoja naye.